Shingo iliyogoma kugeuka

Daladala yetu iligongwa kwa nyuma karibu na stendi ya Kange, Tanga. Hakuna aliyetoka damu, nikapanda nyingine nikaenda zangu Ngamiani. Kesho yake shingo ikakaza. Kutazama pembeni nageuza mwili mzima, kama kabati linahamishwa.

Mama mdogo akanikanda na mafuta ya nyonyo, nikanunua na kola ya shingo dukani. Wiki tatu hivyo. Siku kikombe cha chai kiliponiponyoka kwa vidole kufa ganzi, nikaogopa.

Nilipitia polisi kuchukua PF3, fomu ya matibabu ya aliyeumia, kwa kuwa ni ajali, kisha hospitali ya Bombo. Daktari aliniambia nimbane vidole vyake kwa kila mkono, akagonga kiwiko kwa kinyundo, akaagiza eksirei. Pingili zote 7 za shingo zilikuwa sawa. Kilichoumia ni misuli na kano: gari likigongwa kwa nyuma, kichwa hurushwa nyuma na mbele. Akanionya: mkono ukizidi kulegea, au haja ndogo ikisumbua, nirudi siku hiyohiyo.

Kola akanivua, eti inalegeza misuli. (Elfu zangu zikaenda hivyo.) Dawa za maumivu siku chache, halafu mazoezi: mgongo ukutani, navuta kidevu nyuma mpaka nipate kidevu cha pili, nahesabu 5, naachia. Mara 10, asubuhi na jioni. Watoto walicheka sana. Mito miwili nikapunguza mmoja.

Ganzi iliisha kwanza. Wiki ya sita nikavuka barabara nikitazama kulia na kushoto, bila kugeuza kabati.