Birika la Angani

Usiku wa jana nilirudi mahali nilipopapenda kuliko pote katika Second Life, nikakuta bahari tupu.

Kwa wasioujua, huo ni ulimwengu wa kwenye intaneti uliofunguliwa mwaka 2003 na kampuni ya Linden Lab ya San Francisco, na karibu kila kilichomo, tangu majumba hadi viatu, kimetengenezwa na watumiaji wenyewe. Hakuna wa kushinda wala wa kushindwa. Mtu hujichagulia umbo, akatembea au akaruka kama ndege, na ardhi imegawanywa katika maeneo ya mita 256 kwa 256. Wengi huvutwa na dansi na maduka ya nguo. Mimi huenda kuzurura pasipo na watu, kama nilivyokuwa nikizurura utotoni katika vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa Lamu, baada ya adhuhuri, watu wazima wakiwa wamejinyosha.

Bando langu ni dogo, kwa hiyo kila ninapowasili hungoja. Kwanza mwili wangu huwa wingu, kisha vitu husimama vyote vikiwa vya kijivu, mpaka picha zao zishuke moja moja na kuta ziwe kuta, majani yawe majani. Kungoja huko nimekuzoea hata nikakupenda.

Nimetembea Heterocera, bara ambalo maeneo yake yamepewa majina ya nondo (wadudu, si vyuma vya fundi mwashi), nikaifuata reli yake kwa miguu nikipita viwanja vilivyoachwa, nyasi tu na kilima. Nimefika pia ukingoni mwa dunia hiyo, ambako maji huonekana yakiendelea hadi upeo wa macho, lakini mwili hukwama kana kwamba umegonga kioo.

Hapo nilipopapenda palikuwa kisiwa chenye ngazi tu. Ngazi ilipanda kwa kuzunguka, haikushika nyumba wala mnara, na kila baada ya vidato kadhaa palikuwa na kiti cha jikoni kilichobeba kitu kimoja: redio ya mkulima, kandambili zilizolika kisigino, miwani iliyofungwa uzi. Juu kabisa, mawingu yakiwa chini ya miguu, palikuwa na birika la chai lililochubuka rangi karibu na mdomo, likitoa mvuke usiokwisha. Aliyelitengeneza alikuwa amejishughulisha hata na ule mchubuko. Nilikaa hapo usiku mwingi bila kuonana na mtu, nami sikuwahi kumwandikia mwenyewe hata neno la shukrani, jambo ambalo sasa linanikera.

Jana ile alama niliyoiweka haikunipeleka popote. Nilifungua ramani: buluu. Eneo la namna hiyo hulipiwa kila mwezi, na malipo yakikoma huondolewa, ngazi na viti na mvuke wake, pasibaki hata jiwe. Mama alinisikia nikiguna.

“Una nini, mwanangu?”

“Kuna pahali nilipokuwa nikipenda kwenda, mama. Pamepotea.”

“Pamechukuliwa na nani?” akauliza, kwa kuwa Lamu pahali hapapotei hivi hivi bila ya mtu kupachukua.

Nilishindwa kumjibu, nikalala nikiifikiria Takwa. Watu waliuhama mji huo wa kisiwani Manda katika karne ya 17, na hadi leo ukisubiri maji yajae ili chombo kipite mkondo wa mikoko, utaukuta msikiti wake na nguzo iliyosimama juu ya ukuta wa kibla. Utakuta pia birika, lile la kutawadhia. Hakuna aliyelilipia kwa miaka zaidi ya 300, na bado mtoto wa shule anaweza kuketi ukingoni mwake akala andazi.

Leo asubuhi nimepekua kompyuta nzima kutafuta picha za kisiwa kile, nikapata moja tu. Niliipiga nikiwa nimesimama mbele ya kiti cha juu, nami ndiye niliyeuziba mdomo wa birika kwa mgongo wangu. Kinachoonekana ni mkono wake, na mvuke ukipanda nyuma ya bega.