Nilivyobomoa nyumba iliyogusana na ya jirani

Nyumba ya marehemu baba pale Majengo, Dodoma, ilikuwa ya matofali ya saruji, na ukuta wake wa mashariki umegusana na wa jirani. Fundi wa kwanza alitaka kuleta kijiko, ule mtambo wa kuchimbua, kazi iishe asubuhi moja. Bei ilinivutia. Nilipopanda ngazi pale konani nikaona linta yetu, ule mkanda wa zege unaopita juu ya kuta, imemwagwa pamoja na ya jirani, nondo zikipita moja kwa moja upande wa pili. Kijiko kingevuta linta, linta ivute ukuta ambao bibi jirani yetu analala nyuma yake.

"Shikamoo bibi. Upande wako tutabomoa kwa mkono."

"Marahaba mjukuu wangu. Vumbi tu, nina kifua."

Umeme na maji vikakatwa kwanza. Tukashusha mabati, halafu kenchi, yaani mbao zinazobeba paa. Linta ndiyo iliyotula muda: tuliiegemeza kwa mirunda, fundi akaikata kwa grainda upande wetu, nondo moja baada ya nyingine, mpaka nikaona mwanga ukipita kwenye ufa. Hapo ndipo nilipopumua. Kisha nyundo na tindo, kozi kwa kozi, mstari mmoja wa matofali baada ya mwingine, kutoka juu. Kuchimbua chini ili ukuta uanguke wenyewe nilikataa kabisa. Ukuta hauchagui wa kumwangukia. Maji tulimwagia kila mara, maana upepo wa Dodoma haupoi.

Kijiko kilikuja mwishoni, kung'oa msingi wa magharibi tu. Ukuta wa bibi haukupata hata ufa.