Excel kupaka rangi mstari mzima, kumbe shida ni alama ya dola

Jamani nimehangaika siku mbili na daftari la kikoba chetu, nataka mwenye deni mstari wake wote uwe mwekundu. Nikaingia Conditional Formatting (sehemu ya kupaka rangi kwa masharti), kwenye fomula nikabofya kisanduku cha deni, Excel yenyewe ikaandika =$E$2>0, karatasi nzima ikaiva kama nyanya maana kila mstari unaangalia E2 tu. Nikatoa dola zote, ikapaka majina peke yake, wapi! Mwisho nikachagua A2 mpaka E40, nikabakiza dola moja tu mbele ya herufi, =$E2>0, yaani safu ya E imefungwa ila namba ya mstari inahama, ikakaa. Ila uanze kuchagua mstari wa 2 kama fomula inavyosema, mimi nilianzia A1 rangi ikapanda juu mstari mmoja, mweka hazina akaonekana anadaiwa 😂