Mtoto wa Mungu Akivuka Nyando

Wengi wanaoanza kuandika fantasia ya Kigiriki iliyotua Kisumu au Kakamega huanza kwa kugawa miungu. Zeus, mkuu wa miungu, anapewa kilima, Poseidon wa bahari anapewa ziwa, Hades wa kuzimu anapewa pango, kisha mtoto wa Gredi ya 7 anagundua kwamba babake asiyejulikana ni mmoja wao. Kufikia sura ya tatu hadithi imekwama. Miungu wamejaa, lakini hakuna kinachomzuia mtoto kumwita babake aje amalize kazi. Visasili hivi huendeshwa na masharti, na sharti ndilo la kutafuta kabla ya jina lolote.

Mtazame Heracles, shujaa mwana wa Zeus. Kwa masimulizi ya Apollodorus, mwandishi wa kale wa visasili, kazi alizopewa zilikuwa 10. Zilifika 12 kwa sababu mfalme Eurystheus alikataa kuhesabu mbili: kuua Hydra, kwa kuwa mpwa wake Iolaus alimsaidia kuchoma shingo zilizokatwa, na kusafisha zizi la Augeas, kwa kuwa Heracles aliomba malipo. Hapo kuna mambo matatu ambayo mwandishi anahitaji: anayehesabu, kinachobatilisha, na adhabu ya kubatilisha. Nyoka mwenye vichwa tisa anapendeza, ila aliyezaa kazi mbili za ziada ni mfalme yule mwoga na hesabu zake.

Miungu nao wamefungwa. Mungu akiapa kwa maji ya Styx, mto wa kuzimu, kisha avunje kiapo, Hesiod, mshairi wa kale wa Kigiriki, anasema atalala mwaka mzima bila pumzi wala sauti, halafu atatengwa na wenzake kwa miaka 9. Hii ni dawa nzuri ya tatizo la baba mwenye nguvu zote: mfanye awe ameapa. Hata The Lightning Thief ya Rick Riordan, iliyotoka mwaka 2005 na kufungulia mlango vitabu vingi vya aina hii, haisimami kwa sababu Olympus, makao ya miungu, imewekwa ghorofa ya 600 ya jengo la New York. Inasimama kwa sababu mungu haruhusiwi kumwibia mungu mwenzake silaha yake kwa mkono wake mwenyewe, kwa hiyo shutuma na kazi vinamwangukia mtoto wa miaka 12.

Basi kabla ya sura ya kwanza, andika sharti kwa sentensi moja. Kwa mfano: mtoto anaweza kuuamuru mto wowote ambao hajawahi kunywa maji yake. Sentensi hiyo inafanya kazi nyingi. Mtoto aliyekulia Ahero hana uwezo wowote juu ya Nyando, mto wa nyumbani kwao, lakini akifika Nzoia ni bwana. Atalazimika kubeba maji yake safarini. Adui hahitaji upanga, anahitaji kikombe. Ukiona sharti lako halikupi angalau matatizo matatu ya namna hiyo, libadilishe mapema, kwa sababu litakuchosha baadaye.

Sasa ziwa. Kosa linalorudiwa mno huku kwetu ni kumkabidhi Poseidon Ziwa Victoria. Poseidon ni wa bahari, matetemeko ya ardhi na farasi. Mito ina wenyewe: Hesiod anataja mito 3,000, wana wa Oceanus na Tethys, na mabinti 3,000 ambao ni dada zao. Kila mto ni mungu kamili mwenye hasira zake. Mwana wa Poseidon aliyezaliwa Mombasa akiletwa Dunga angekuwa mgeni, na inafaa sana nguvu zake ziwe zimemwishia njiani, tuseme Mtito Andei. Ukimtaka mtoto wa ziwa, mpe mzazi ambaye ni mto.

Na mto wenyewe upo tayari. Katika kitabu cha 21 cha Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troy, shujaa Achilles anaua watu wengi hadi maiti zinauziba mto Scamander. Mto unamsihi aache, hasikii, nao unafura na kumfukuza uwandani kote, mpaka Hera, mke wa Zeus, anamtuma Hephaestus, mungu wa moto, auchome ndipo usalimu amri. Lete hayo kwenye uwanda wa Kano. Nyando hushuka kutoka nyanda za juu za Nandi na Kericho ukiwa na udongo mwekundu, na mvua ikizidi huingia mashambani na majumbani. Jambo la kuzingatia ni malalamiko ya mto. Scamander haukukasirika bure, ulizibwa. Wako umezibwa na nini: udongo wa milima iliyovuliwa miti, takataka, mchanga unaochotwa usiku? Ukijibu hilo umepata kisa, na umepata pia wa kuuzima: fundi wa kuchomelea vyuma wa jua kali, mguu mmoja mfupi, maana Hephaestus alikuwa fundi kiwete.

Kwa upande wa Nakuru, ziwa Avernus karibu na Cumae nchini Italia, ambako Aeneas, shujaa wa mshairi wa Kirumi Virgil, anashuka kuzimu, ni shimo la volkeno lililojaa maji. Menengai ni shimo la volkeno pia, kubwa kuliko hilo mara nyingi, lenye mvuke unaotoka ardhini na visima vya kuchimba nishati ya jotoardhi. Mlango wa kuzimu hauhitaji kubuniwa. Ila kumbuka Aeneas hakuingia hivi hivi: alilazimika kwanza kulivunja tawi la dhahabu kama zawadi ya Proserpina, malkia wa kuzimu, na kumzika mwenzake aliyekufa bila maziko. Sibyl, nabii wa kike anayemwongoza, anamwonya kwamba kushuka ni rahisi, kazi ni kupanda tena. Kisumu hadi Nakuru ni karibu kilomita 180 kwa barabara ya Kericho, na njiani kuna Salgaa, malori yanapolala. Hermes, mungu wa wasafiri, wafanyabiashara na wezi, hangekaa mahali pengine.

Psyche, binti anayetumwa kuzimu katika riwaya ya Kilatini ya Apuleius ya karne ya 2, ndiye anayefundisha kuzimu kwa vipimo. Mnara unamwambia abebe sarafu 2 mdomoni na maandazi 2 ya shayiri mikononi. Sarafu moja ya mvushaji Charon kwenda, nyingine kurudi. Andazi moja la mbwa Cerberus kuingia, jingine kutoka. Njiani atakutana na watu wa kutia huruma wanaoomba msaada, mmoja akiwa mzee anayeelea mtoni akiomba apandishwe mashuani, na wote ni mitego ya kumfanya aachilie andazi. Ajabu ya mpango huu ni kwamba msomaji anaweza kuhesabu. Anajua mikono imejaa, anajua kilichobaki, na kila anayenyoosha kiganja anamtia wasiwasi. Mpe shujaa wako vitu vinavyohesabika namna hiyo: nauli ya kwenda na kurudi, betri asilimia kadhaa, chapati mbili. Uchawi usiohesabika hauogopeshi mtu.

Vifaa vya Perseus, shujaa aliyemkata kichwa Medusa, ni somo la karibu na hilo. Alikuwa na ngao ya kuakisi, mundu, viatu vya mabawa, kofia ya Hades ya kumfanya asionekane, na mfuko uitwao kibisis. Kila kifaa na kazi yake moja. Wanaoanza huusahau mfuko, na mfuko ndio muhimu kupita vyote, kwa sababu kichwa cha Medusa kiliendelea kugeuza watu mawe hata baada ya kukatwa. Helmeti ya bodaboda inaweza kuwa kofia ya Hades bila tabu. Wale mabibi watatu wenye jicho moja na jino moja, ambao Perseus aliwanyang'anya jicho walipokuwa wakipokezana, wanaweza kuuza omena Kibuye wakiwa na simu moja tu ya kamulika mwizi, na yeyote aishikaye ndiye aonaye. Mtoto asiinyakue tu. Aseme kwanza, "Shikamooni, mama," asubiri waanze kugombana ni zamu ya nani, halafu mkono upite.

Udhaifu wa shujaa unataka uangalifu. Kila mtu anajua kisigino cha Achilles, lakini Homer hakitaji. Kisa cha mamake, Thetis, kumtumbukiza katika Styx kinaonekana kwa Statius, mshairi wa Kirumi wa karne ya 1, miaka mingi baadaye. Kwa Homer, Achilles anajeruhiwa kama mtu yeyote, na kinachomponza ni hasira. Una hiari ya kuchagua udhaifu wa mwili au wa tabia, lakini usivichanganye ovyo, maana kisigino kinafanya hasira isiwe na kazi.

Kama ni udhaifu wa mwili, basi Kano tayari ina mfano ulio bora kuliko kisigino. Luanda Magere, shujaa wa masimulizi ya Waluo, alikuwa na mwili wa jiwe, mkuki haukumwingia. Mke wake aliyetoka kwa maadui alipotaka kumchanja dawa, aliambiwa achanje kivuli, na kivuli kikatoa damu. Akatoroka na siri, na mkuki uliotupwa kivulini ukamaliza kazi. Faida yake kwa mwandishi ni kubwa, kwa sababu kivuli hubadilika. Saa sita mchana kimejikunja miguuni, jioni kimerefuka na hakilindiki, mawingu yakifunga hakipo. Maseno ipo kwenye ikweta, na siku zile za Machi na Septemba jua likipita utosini, kivuli karibu kitoweke. Pigano zima linaweza kupangwa kwa saa. Lakini usimfanye Magere mwana wa Zeus. Ana ukoo wake, na wasomaji wa hapa watakufungia kitabu hapo hapo.

Simbi Nyaima, ziwa dogo la volkeno karibu na Kendu Bay, nalo lina ndugu yake. Bibi kizee alifukuzwa kijijini watu wakisherehekea, mwanamke mmoja akamkaribisha, yule akaokolewa na kijiji kikazama. Kwa mshairi wa Kirumi Ovid, miungu Jupiter na Mercury wanafukuzwa kwenye nyumba 1,000, wanapokewa na wazee maskini Baucis na Philemon waliotaka kumchinja bata bukini wao wa pekee, na jirani zao wote wanazamishwa. Hadithi mbili zisizojuana zina sharti lile lile la mgeni. Ziache zikae sambamba. Shujaa anayejua moja ataitambua hatari katika ya pili. Tahadhari moja: usiweke zimwi mahali watu wanaposali. Kit-Mikayi, ile miamba ya karibu na Kisumu, bado wapo waumini wanaokwenda kuomba pale. Lisogeze zimwi lako mawe kadhaa mbele.

Warumi si Wagiriki waliobadilishiwa majina, ingawa maandishi mengi huwafanya hivyo. Mars, mungu wa vita, kwa Warumi ni baba wa Romulus mwanzilishi wa Roma na mlinzi wa mashamba, anaheshimika; Ares kwa Wagiriki hata babake anamchukia. Shujaa wa Kigiriki hutafuta sifa. Aeneas anatoka Troy inayoungua akimbeba babake mgongoni, babake ameshika miungu ya nyumbani, mtoto kamshika mkono. Mwana wa Kirumi ana wajibu na boma, na ndiye anayeeleweka na familia zetu upesi zaidi. Tena Warumi wana miungu ambao Wagiriki hawana: Janus wa milango, Lares wa nyumba, na Terminus wa mawe ya mpaka, ambaye alikataa kung'olewa hata hekalu la Jupiter lilipojengwa Capitolium, kilima cha Roma, ikabidi limzunguke. Katika eneo lenye kesi za mashamba kama letu, binti wa Terminus ana kazi ya maisha. Hawezi kuruka wala kurusha radi. Anajua tu jiwe lilikuwa wapi kabla halijasogezwa usiku, na ndugu wa marehemu hawataki aongee.

Utabiri uandikwe mwisho, baada ya kujua hadithi inaishaje. Kipimo chake ni Croesus, mfalme wa Lydia: aliambiwa akivuka mto Halys ataangusha dola kubwa, akavuka, na dola ikawa yake mwenyewe. Utabiri mzuri husema kweli tupu na hunyamaza kuhusu jambo moja. Kwa Kiswahili tumia mizani ili ukaririke: "Utakapovuka Nyando, boma kuu litavunjwa." Vipande viwili vya mizani 8. Mtoto anafikiri ni boma la adui. Ni la bibi yake. Ukiandika ubeti mzima wenye majina, tarehe na silaha, umeshasimulia kitabu.

Mwalimu naye aondoke mapema. Chiron, nusu mtu nusu farasi, aliwalea Achilles, Jason na Asclepius, lakini hayupo wanapopigana. Mungu wa kike Athena anajigeuza mzee Mentor, anampeleka Telemachus, mwana wa Odysseus, hadi Pylos kwa mfalme Nestor, kisha anaruka kama ndege na kijana anaendelea Sparta na mwana wa Nestor. Nyanya mwenye majibu yote akibaki hadi sura ya kumi, mtoto hana la kufanya. Mpeleke matangani Siaya.

Kisha kuna safari ya kurudi, ambayo wengi huiruka kwa sentensi moja. Theseus alimuua Minotaur, zimwi lenye kichwa cha fahali, akasahau kubadilisha tanga jeusi, na babake Aegeus, aliyekuwa akingoja tanga jeupe, akajitupa baharini. Ushindi haukufuta uzembe mdogo. Shujaa wako akitoka Menengai likizo ya Agosti ikiwa imekwisha, mwalimu wa zamu ana daftari la waliochelewa kuripoti, na zile chapati mbili zinapaswa kuonekana kwenye hesabu. Kama alimpa mtu moja huko chini, mbwa hakulishwa wakati wa kutoka, na kitu kilipita mlangoni nyuma yake. Usikieleze katika kitabu cha kwanza. Kipandishe matatu Nakuru, kikae siti ya nyuma, na kondakta ahesabu abiria mara mbili bila kupata jibu moja.