Oili Ilikuwa Inakwenda Wapi

Baba alipofariki mwaka 2006 alituachia nyumba, deni dogo la dukani, na Land Rover 109, Series III, ambayo mtaani kwetu Tanga iliitwa Mia na Tisa. Aliinunua mnadani, kwenye magari chakavu ya serikali, wakati mimi bado nasoma. Kaka zangu walitaka iuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Nikang'ang'ania. Wakasema haya, chukua, ila usije kutuomba hela ya spea.

Kuvuja ilikuwa inavuja tangu naijua. Pale ilipolala usiku, asubuhi palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani, na kuku wa jirani walipita hapo wakaondoka na vidole vyeusi. Baba alikuwa na utani ambao nadhani kila mwenye Land Rover anao: siku ikiacha kuvuja, chungulia, ujue oili imeisha. Mimi niliuchukua utani ule kama mwongozo wa ufundi. Ikidondosha, moyo unatulia.

Hata hivyo doa lilizidi kukua, nikaipeleka gereji moja pale mjini. Wakaniambia ni sili, ule mpira wa kuzuia oili, ya nyuma ya transifa, yaani lile sanduku la gia la pili nyuma ya giaboksi, pale inapoanzia propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Wakabadilisha. Baada ya wiki tatu doa likarudi. Wakabadilisha tena, safari hii wakapaka na gundi nyekundu ya silikoni pembeni, ikaonekana kama keki ya harusi. Doa likarudi. Tukakubaliana, bila kusema, kwamba ndivyo ilivyo. Kijana wa pale akawa ananiongezea nusu lita ya oili namba 90 kila mwezi kwenye transifa. Kupima hapimi, anatazama doa la chini, anakadiria, anamimina. Na mimi nalipa.

Januari 2008 Mama akataka mabati yapelekwe kwao, juu ya Lushoto, kabla mvua hazijaanza. Mabati ishirini, mifuko mitatu ya saruji, misumari, na mdogo wangu wa mwisho amekaa nyuma juu ya godoro kuukuu. Tulitoka Tanga alfajiri. Muheza, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, barabara ni ya kunyooka, gia ya nne, gari kimya kabisa. Nikajisifu kidogo. Mama alisinzia.

Pale Mombo unaiacha barabara kuu na kuanza kupanda, kama kilomita 33 hivi mpaka Lushoto mjini, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Nikashuka gia ya tatu, kisha ya pili. Hapo ndipo kilio kilipoanza. Kilikuwa kama kinu cha kusaga kinachozungushwa bila mahindi. Nikirudisha ya tatu kinapungua kidogo. Nikikanyaga mafuta kinapanda juu. Bati la chini ya miguu yangu likawa la moto, nikawa naisikia joto hata kupitia soli ya kiatu.

"Gari linalia," Mama akasema, hata macho hajafungua.

"Land Rover ndivyo zilivyo, Mama."

"Ya baba yako haikuwa inalia."

Sikujibu. Kuna majibu ambayo mtu hampi mama yake, hasa akiwa sahihi.

Soni tulisimama. Ilikuwa msimu wa plamu, na watoto walikuwa wamejipanga barabarani na vikapu vyao. Nikaegesha kwenye mteremko, nikavuta hendibreki mpaka mwisho, nikashuka. Gari nililiacha huru, halina gia. Mdogo wangu alikuwa ameshatangulia. Nilikuwa nabishana bei ya kikapu niliposikia watu wanapiga kelele, nikageuka. Mia na Tisa ilikuwa inarudi nyuma. Haikuwa na haraka hata kidogo. Ilirudi taratibu kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa, na Mama yumo ndani, ameshika kile chuma cha mbele kwa mikono miwili, anatazama mbele tu.

Aliyeiokoa ni mtoto wa miaka kama kumi na mbili. Alitupa kikapu, akachukua jiwe la kando ya barabara, akalisukuma nyuma ya tairi kwa mguu na kuruka pembeni. Gari likapanda jiwe nusu, likasita, likatulia. Kutoka pale mpaka ukingo wa barabara palibaki hatua nne. Nilizihesabu baadaye, nikajuta kuzihesabu.

Nilimfungulia Mama mlango. Alishuka, akaweka sawa kanga yake, akaniuliza swali moja tu: "Kabari ya baba yenu iko wapi?"

Baba alikuwa na kabari ya mninga, nzito, nyeusi kwa oili, aliyoiweka chini ya kiti cha dereva. Kila alipoegesha aliishusha na kuiweka nyuma ya tairi, hata uwanjani kwetu ambako ni tambarare kama meza. Tulikuwa tunamcheka. Nilipoisafisha gari baada ya msiba niliitoa, na tangu siku ile ilikuwa inazuia mlango wa banda la kuku.

Plamu za yule mtoto zilikuwa zimetawanyika barabara nzima. Nililipa kikapu chote, na cha mwenzake pia, halafu yeye ndiye akatupeleka kwa fundi. Alikuwa mzee mwembamba mwenye gereji bubu chini ya mikaratusi, asiye na kibao wala geti, ila magamba ya Land Rover matatu yaliyoota majani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Imerudi nyuma, sio?" Habari zilikuwa zimetutangulia.

Hakugusa spana. Aliingia chini ya gari akiwa na tochi, akatoka, akaomba karai. Akaanza na nati ya kupimia ya transifa. Alipoilegeza tu, oili ikaruka nje, ikajaza karai mpaka nikadhani ametoboa kitu. Mimi niliyekuwa naongeza nusu lita kila mwezi kwa sababu inapungua, nilisimama pale natazama ikimwagika kwa kuzidi.

"Hii inaingia lita mbili na nusu," akasema. "Wewe umeweka ngapi?"

Kisha akaenda kwenye giaboksi yenyewe, ile kubwa ya mbele, ambayo nati yake iko pabaya, kuifikia kuna tabu. Akaifungua, akachomeka waya alioukunja ncha. Ukatoka mkavu. Akauchomeka tena, akazungusha, ukatoka na utando mweusi wenye harufu ya kuungua. Akaninusisha kama daktari anayemwonyesha mgonjwa picha ya eksirei.

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana mpaka leo nakutana na watu wenye gari hizi ambao hawajui. Giaboksi na transifa zimeungana mgongo kwa mgongo, lakini kila moja ina oili yake. Katikati, shafti inapopita, kuna sili. Sili ile ya ndani ikichoka, oili ya giaboksi inahamia transifa kidogo kidogo, bila kudondosha hata tone nje. Transifa inajaa kupita kiasi, inatafuta pa kutokea, inatokea nyuma. Kwa hiyo mtu anaona inavuja nyuma, anabadilisha sili ya nyuma, na anaongeza oili nyuma. Giaboksi inabaki kufa kwa kiu, ya kwake ni lita moja na nusu tu, na hakuna anayeiuliza.

"Na mbona njia yote ya chini haikulia?"

"Gia ya nne inapita moja kwa moja. Shafti inaingia, shafti inatoka, meno hayabebi kitu. Ungeiendesha kwa gia ya nne mpaka Arusha usingesikia. Mlima ndio unaosema."

Kuhusu hendibreki alinishika mkono, akanivuta chini nione mwenyewe. Kwenye gari hii hendibreki haikamati magurudumu. Ina dramu yake peke yake nyuma ya transifa, inakamata propela. Oili yote iliyovuja ilikuwa inapita humo kwanza ndipo inadondoka chini. Lainingi za breki zilikuwa zimelowa kama mkate kwenye chai. Yaani zile nusu lita nilizokuwa nalipia kila mwezi, nilikuwa nazimwagia breki.

Tulilala Soni siku tatu. Mama alipata gari la kwenda kwao siku ile ile na mabati yakafuata kesho yake, mimi nikabaki. Sili ziliagizwa Dar es Salaam kwa simu, zikanunuliwa Gerezani na kufika kwa basi, zimefungwa ndani ya gazeti.

Kazi yenyewe sitaisahau. Giaboksi ya gari nyingine unaishusha chini. Ya hii inatolewa juu. Viti vinatoka, sanduku zima la bati la viti linatoka, sakafu inatoka, na giaboksi na transifa vinanyanyuliwa pamoja na kupitishwa mlangoni kama jeneza. Mzee alisimamisha miti mitatu, akafunga mnyororo, na sisi watu wanne tukavuta. Bolti nyingi zilikuwa za inchi, na spana zangu zote za milimita hazikufaa kwa chochote ila kugongea.

Chini ya sanduku la viti tulikuta maganda ya karanga ya miaka ishirini, sarafu, kalamu ya Bic, na spana moja iliyopakwa rangi nyekundu kwenye mkono. Baba alizipaka zote hivyo ili zisichanganyike na za watu. Mzee aliifuta, akaipima kwenye bolti ya flenji, kile kisahani cha chuma kinachofungwa propela, ikakaa sawasawa. Akaendelea kuitumia siku zote tatu, na wala hakuniuliza.

Beringi mbili zilikuwa zimeanza kuungua, akabadilisha kwa zile alizotoa kwenye moja ya magamba yake. Meno yalikuwa yamepona. Kwenye flenji ya nyuma akanionyesha mfereji mwembamba uliochimbwa na mdomo wa sili kwa miaka mingi; hata ungeweka sili mpya kila Ijumaa ingevuja tu, maana mdomo unakaa kwenye shimo lile lile. Yeye aliiingiza sili mpya pungufu kidogo, milimita chache, ili mdomo ukutane na chuma kizima. Kile kitundu cha kupumulia hewa kilikuwa kimezibwa na tope, akakizibua kwa sindano ya baiskeli. Lainingi akazitupa, akafunga nyingine, akaosha dramu kwa petroli.

Tulipandisha Lushoto jioni ya siku ya tatu, yeye akiwa kiti cha abiria, gia ya pili, kona hadi kona. Ilinguruma tu kama kawaida ya Land Rover. Usiku ule tuliweka boksi la karatasi chini yake. Asubuhi kulikuwa na tone moja, duara, la ukubwa wa shilingi.

"Mzee, bado."

Aliinama akalitazama. "Hilo ni la kwake," akasema, akaenda kunawa.

Niliporudi Tanga niliingia uani kabla hata sijasalimia mtu. Kabari nikaichukua, mlango wa banda la kuku nikaufunga kwa waya.