Kitufe anakishika yeye

Sitasema mama huyu anauza nini wala soko gani hapa Mwanza. Mwaka 1994, maiti kutoka Rwanda zilipoteremka na Mto Kagera hadi Ziwa Victoria, yeye alikuwa bado kule, mikononi mwa wanamgambo. Mama hakuwahi kuyaeleza hayo hata kwa marehemu mumewe.

Nilimkabidhi kinasa sauti. "Ukichoka, zima mwenyewe, mama." Alizima, akajifunga upya kanga, akawasha. Simharakishi, ushuhuda ni wake.

Nikamweleza ya Arusha, kwenye mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda: mashtaka ya awali dhidi ya Akayesu, aliyekuwa meya huko Rwanda, hayakutaja ubakaji. Mashahidi wanawake wakausema mahakamani, hati ikarekebishwa 1997, na hukumu ya 1998 ikautambua kuwa sehemu ya mauaji ya kimbari.

"Kumbe walisikilizwa?"

Walisikilizwa, mama, na majina yao yalifichwa. Ameomba nakala nikae nayo mimi. Wajukuu wake wanapekua.