Kakubali au Hakukubali?

Mjomba wa bibi harusi yuko Maskati. Nikaha ilisomwa Ijumaa baada ya Alasiri, msikitini kwetu Kikwajuni, shemegi kashika kamera, miye nimeegemea nguzo na kikompyuta kinachorusha picha hadi huko Omani. Sheikh akamaliza kumwozesha, bwana harusi akafungua kinywa kujibu, picha ikaganda. Simu ikaita palepale: "Kwani mwanangu, kakubali au hakukubali?"

Kakubali. Ila programu yangu ilikuwa ishakufa, kama kawaida yake ikifika dakika arobaini.

Kila niliyemwuliza alinipa dawa ileile: ongeza RAM, yaani kumbukumbu ya kikompyuta. Nikaenda Darajani, zikanitoka elfu sabini na ushee, nikapachika. Ikafa baada ya saa na robo. Mwengine akanishauri niandike kila kitu upya kwa lugha nyengine. Huyo nilimwambia inshallah, nikakata simu.

Ugonjwa ulikuwa kwenye maktaba, yaani msimbo ulioandikwa tayari, tunayotumia kusimba video (kuibana ipite mtandaoni), imeandikwa kwa lugha ya C. Fanksheni inayoianzisha ilikuwa na malloc, yaani maombi ya kumbukumbu, arobaini na kitu: ya mwangaza, mbili za rangi, za fremu za rejea, za vekta za mwendo, na kila moja ina goto yake, amri ya kuruka, ya kukimbilia usafi mambo yakiharibika. Mtu kaongeza bafa (kipande cha kumbukumbu) juu, kasahau kuiachia chini. Na mtandao ukichoka, programu hushuka kutoka picha ya mistari 1080 hadi ya 720. Ukichangamka, hupanda tena. Kila ikibadilika inafunga na kufungua upya, inaacha nyuma fremu nne, tano. Fremu moja ya 1080 ni kama baiti milioni 3. RAM ya Darajani ingetosha nini?

Nikasema basi, nitaomba kipande kimoja kikubwa cha kumbukumbu, nikigawe mwenyewe, nikiachie mara moja. Nikakaa na karatasi: 1920 mara 1080 za mwangaza, robo yake kwa kila rangi, naandika huku najisifu. Nikapitisha ile video ya nikaha. Ikaenda! Ila juu ya picha, kwenye dari jeupe la msikiti, umekaa utepe wa manjano kama mtu kamwaga bizari. Siku mbili nzima nikailaumu kamera. Shemegi karibu aninunie.

Kumbe 1080 haigawanyiki kwa 16, na H.264, mtindo wa kusimba tunaoutumia, inakata picha kwa viraka vya pikseli 16 kwa 16. Kwa hiyo maktaba inaongeza mistari 8 chini, inakuwa 1088, na inaijaza mwishoni kwa kurudia mstari wa chini kabisa, yaani zulia. Hesabu zangu hazikuacha nafasi ya mistari hiyo. Baiti 15,360 za giza la zulia zikamwagikia mwanzo wa bafa ya rangi ya buluu, mistari yake 16 ya kwanza, ambayo kwenye picha ni mistari 32 ya juu. Buluu ikipungua kwenye weupe, hubaki manjano. Zulia likawa limepanda darini. Zile malloc za zamani zilikuwa zinapandisha urefu hadi namba inayogawanyika kwa 16 kimyakimya, kila moja kivyake, na miye nilizifuta kwa mbwembwe.

Dawa nimeipata kwa mama, fundi cherehani. Mama haendi dukani kununua kitambaa cha mkono, akarudi kununua cha kola. Anaipitia kanzu yote kwa futi, anajumlisha, ndipo anaenda mara moja. Nikaandika fanksheni moja tu ya kugawa, naiita mara mbili. Mara ya kwanza naipa anwani tupu ya kumbukumbu: haigawi kitu, inajumlisha, kila ombi ikilipandisha hadi baiti 32 zinazofuata, maana maagizo ya SIMD (yanayoshughulikia namba nyingi kwa pamoja) hapa yanasoma baiti 32 kwa mpigo. Naomba jumla ile. Mara ya pili naipa anwani ya kweli, inagawa. Mstari ni uleule unaopima na unaokata, hauwezi kusahau 1088. Na jumla naipima kwa ukubwa wa 1080 tangu mwanzo, ikishuka 720 inajibana humohumo.

Angalieni kitu kimoja. Bafa zikikaa kipande kimoja, Valgrind, chombo cha kunasa makosa ya kumbukumbu, haioni moja ikimwagikia jirani yake. Miye nimeacha baiti 32 za namba ninayoijua baina ya kila mbili, nazikagua wakati wa kufunga. Nimeshanasa kosa moja, langu mwenyewe.

Ijumaa iliyofuata kulikuwa na nikaha nyengine, ya mdogo wake yuleyule bibi harusi. Haikufa. Haikufa hata baada ya dua, wala tulipohamia ukumbini na kikompyuta nikakiweka mezani bila kukizima. Usiku mjomba akapiga kutoka Maskati.

"Mwanangu, sinia la watu wanne umelimaliza peke yako. Tumekuona."